Kasuku wa Wembe Kabaki Kifua Wazi

Benchi letu liko kati ya saluni ya Wembe na karakana ya baiskeli ya Spana. Mimi mwenye birika la kahawa hukaa mwishoni, namimina na kusikiliza upuuzi. Jana jioni Wembe kinyozi alitoka na tundu, akaliweka katikati yetu. Ndani kulikuwa na kasuku wa kijivu, mkia mwekundu, kifua kitupu kama kuku anayesubiri sufuria. Anajinyonyoa mwenyewe. Ni wa dada yake Wembe, aliyemwachia miezi mitatu iliyopita alipokwenda masomoni. Tulicheka sana. Wembe hakucheka, nikajua pana jambo, maana yule hucheka hata msibani.

— Dada akirudi keshokutwa akamkuta hivi, undugu umekwisha, alisema Wembe. Kamlea tangu hajaota unyoya. Kila nikiamka nafagia manyoya. Na sasa kula kaacha.

— Umempa dawa? aliuliza Spana.

— Nimempaka ile ya kuotesha nywele, ninayowauzia wenye vipara.

— Ikawaje?

— Kang'oa zaidi.

Profesa akajipapasa utosi. Huyu ni karani mstaafu wa ghala, na dawa hiyo kanunua chupa tatu.

— We Wembe, si uliniambia imeshajaribiwa?

— Ndiyo tunaijaribu, Profesa.

Spana akasogeza kikombe, akasema kwa uhakika wa fundi:

— Joto hilo. Hata injini ikichemka, unafungua boneti.

— Joto gani bwana! alidakia Bondia, mlinzi wa duka la vitambaa, mwenye mwili wa kabati na sauti ya filimbi. Huyu anataka mke. Wahenga walisema, mficha uchi hazai.

— Methali hiyo si ya kuvua nguo, Bondia!

— Wewe umezaa umevaa koti?

Hapo alituweza.

— Basi muwekee kioo, alisema Spana. Adhani kapata mwenzake.

— Nilimwekea. Kajitazama, kang'oa mawili papo hapo.

— Kumbe mwenzake hakumpendeza.

Profesa akakohoa kidogo. Akikohoa hivyo, ujue elimu inashuka.

— Nyie hamjasoma. Huyu anaweka akiba. Haba na haba hujaza kibaba! Leo unyoya, kesho unyoya, anashona mabawa ya kutorokea.

— Mabawa si anayo, Profesa?

— Hayo ni ya kushindia nyumbani. Ya safari ni mengine.

Bondia alicheka mpaka kahawa ikampalia. Spana akawa anapiga benchi kwa ngumi.

— Jamani, ndege anakufa! Wembe alipaza sauti. Nimeachiwa kiumbe kimoja tu, kimoja!

 Ndipo tukamwona mwanamke mwenye kikapu kasimama nyuma ya benchi. Profesa aliinuka kama mwanafunzi aliyekutwa akiiba chaki.

— Mke wangu huyu, alitutambulisha.

— Shikamoo, mama, alisema Wembe.

— Marahaba, baba.

Akaweka kikapu chini, akainama, akapiga mluzi mdogo. Kasuku akasogea mpaka kwenye vyuma, akaegemeza kichwa kwenye kidole chake.

— Mchana anakaa wapi?

— Chumbani kwangu, mama. Maji anayo, chakula anacho, mlango nafunga asije akaibwa.

— Na jioni ukirudi, humwambia nini?

Wembe akafungua mdomo. Mtu huyu huongea tangu anachomeka mashine yake asubuhi: mpira, ndoa za watu, siasa, magonjwa ya mifugo ambayo hana. 

— Nikirudi maneno huwa yameniishia, mama, alisema. Naingia, nalala.

— Basi mwoshe hiyo dawa ya nywele, kesho mpeleke kwa daktari wa mifugo. Na mchana akae saluni, huko unakoyamalizia maneno. Keshokutwa hatakuwa amepona. Dada yako mweleze ukweli.

Wembe akaitikia kwa kichwa, akaliinua tundu kwa mikono miwili.

Mama akamgeukia mumewe. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonitisha.

— Mabawa ya safari, baba watoto! Nimesimama hapo nyuma muda mrefu. Nimecheka peke yangu kama mwehu. Miaka yote hii, mbona nyumbani husemi?

Profesa akamtazama Spana. Spana akamtazama Bondia. Bondia, mtu mzima yule, akaanza kuhesabu vidole vyake. Mimi nikainamia birika, maana nami nina mke, na neno la mwisho nililokumbuka nimemwambia lilikuwa "nimechoka."