Mama Yake Hatembei Hivyo

Wazazi wenzangu wa watoto wasiosikia, wa upande huu na nyinyi mliovuka asubuhi kutoka Goma, nawasalimu kwa amani. Mwenyekiti ananibembeleza tangu zamani nisimame hapa, na kila mara nimejificha nyuma ya mtu mwenye mgongo mpana. Leo nimekosa pa kujificha. Nitasema Kiswahili changu hiki cha Karagwe, nilikozaliwa, hiki mnachokicheka. Majina sitataja. Wengine wanaohusika wamo humu ndani, na mmoja yuko kaburini.

Mimi ni fundi wa kuchomelea vyuma: milango, madirisha, mageti. Mke wangu alikuwa mtu wa Goma, na kazi yake wengi wenu mnaijua kwa shingo zenu. Asubuhi anajaza beseni karoti na vitunguu vya majani vya Cyanzarwe, anavuka bariyeri ya mpakani kwenda Goma, anauza, jioni anarudi. Tulijaliwa binti mmoja. Alipata homa kali akiwa bado ananyonya, na tangu hapo hasikii. Ukiangusha bati nyuma yake, hageuki.

Shule ya ishara hatukujua kama ipo. Tulikuwa na alama zetu za nyumbani tu. Mama: mkono juu ya kichwa, kama anayeshika beseni. Baba: kiganja mbele ya uso, kama ile ngao ninayovaa nikichomelea. Kula, kulala, maji, njoo. Kwa siku nzuri zilitosha. Siku mbaya ilipokuja, hatukuwa na kitu.

Siku hiyo mke wangu alivuka kama kawaida. Mchana tukasikia milio ya risasi upande wa pili, na bariyeri ikafungwa. Akanipigia simu: yuko kwa dada yake, yuko salama, atarudi wakifungua. Hawakufungua. Kule maji ya bomba yakakatika, watu wakanywa ya ziwa, kipindupindu kikaingia. Simu iliyofuata ilikuwa ya shemeji yangu.

"Shemeji, kaa chini kwanza."

"Nimekaa," nikasema. Nilikuwa nimesimama.

"Dada haiko tena. Watamuzika leo leo, ugonjwa hii haingoje. Usijaribu kuja, hawatakuacha upite."

Nilijaribu. Nilipiga magoti kwenye lami pale bariyeri, mbele ya wanajeshi. Mmoja akaniinua kwa kwapa akasema polepole, "Pole, muzee. Hata mi siwezi." Mke wangu akazikwa mahali ambapo siku nyingine ningekwenda na kurudi kabla chai haijapoa, na mimi nikabaki huku nimeshika chuma cha bariyeri.

Sasa binti yangu. Yeye hakusikia milio, hakusikia simu, hakusikia maombi ya msiba. Aliona watu wamejaa nyumbani na mama hayumo. Kila jioni alikwenda kusimama kwenye kona ambayo mama yake hutokea. Nikienda kumchukua ananing'ang'ania mguu tusirudi.

Tulipomaliza matanga, wanawake wa ukoo walikuja kugawana nguo za marehemu, kama desturi. Mimi ndiye niliyekuwa natoa kitenge kimoja kimoja sandukuni. Binti yangu alisimama mlangoni akitazama. Ghafla akaruka, akamnyang'anya shangazi yake kitenge, akakikumbatia, akaanza kunipiga. Nikamuuliza kwa mikono, nini? Akaweka mkono juu ya kichwa: mama. Akanielekezea kidole: wewe. Kisha akasukuma hewa kwa mikono miwili kuelekea nje.

Ndugu zangu, nawaambia, nilikaa chini palepale. Mtoto anaamini nimemfukuza mama yake, na sasa nagawa nguo zake asiwe na cha kurudia.

Tangu siku hiyo hakula kutoka mkononi mwangu. Nikiweka sahani, anaisogeza kwa mguu. Mama mmoja wa kanisani akanipa shauri, kwa moyo mwema kabisa: "Umuonyeshe juu. Atajua mama yake alienda kwa Mungu." Nikamwonyesha juu. Akatazama juu, akatabasamu, mara ya kwanza tangu msiba! Nikashukuru. Kesho yake helikopta ikapita juu ya mji, na binti yangu akatoka mbio barabarani, akipunga kitenge, akiifuata mpaka ziwani. Nilimkuta ndani ya maji, yamemfika kiunoni, bado anapunga.

Basi nikasema lazima aone kifo. Nikachukua kuku wetu, nikamchinja mbele yake, nikamshikisha aone haamki. Kisha nikaweka mkono juu ya kichwa: mama, hivi. Akamtazama kuku. Akatazama mkono wangu mwingine. Ndugu zangu, nilikuwa nimesahau kuweka kisu chini.

Alipiga ukelele ambao sijawahi kuusikia kwa mtu. Akakimbilia kwa majirani zetu, familia ya Kiislamu inayoshona nguo. Nilipofika, mama wa nyumba alisimama mlangoni. "Muache alale huku, Baba. Mutoto anatetemeka. Ulimufanyia nini?" Akafunga mlango, nikarudi peke yangu.

Nikampeleka kwa shangazi yangu aliyeolewa kule Cyanzarwe, nikidhani mashamba yatamtuliza. Nilisahau kwamba Cyanzarwe ni mpakani pia. Alitoroka kupitia kwenye maharage, akielekea ng'ambo. Askari wa doria walimwita asimame, na yeye anaendelea kwenda, maana hasikii. Mnajua wangeweza kufanya nini. Mungu alimpa mmoja wao akili ya kumkimbilia badala ya kufyatua. Shangazi akanirudishia mtoto akilia: "Mwanangu, mi siwezi tena. Huyu atakufia mikononi mwangu."

Siku zile nilikuwa nachomelea bila ngao. Nautazama ule mwali kwa macho matupu. Fundi mwenye macho mekundu yanayochuruzika, hakuna anayemuuliza kwa nini analia. Ndipo nilipokuwa nimefika.

Sasa sikilizeni. Nilipata kazi ya kuweka mlango na vyuma vya dirisha mtaa wa Nengo, kwenye chumba cha mama mmoja anayetengeneza katuni kwa kompyuta, matangazo ya biashara na mambo ya afya. Sikuwa na pa kumwacha mtoto, nikaenda naye. Akakaa pembeni, mbali nami, na kitenge chake. Kwenye kompyuta kulikuwa na katuni fupi ya kunawa mikono: mtu anashika uchafu, anakula, anashika tumbo, mwingine ananawa, anakula, anacheka. Ilikuwa haina sauti. Binti yangu aliitazama mpaka mwisho. Kisha akainuka, akaenda kwenye ndoo ya maji mlangoni, akanawa mikono, akanionyesha.

Kila nilichojaribu kumwambia kilimpotosha au kumtisha, na hiki kitu kilimwambia jambo akalielewa mara moja.

Nikamsimulia yule mama yote, na bado nimeshika mashine mkononi. Akalia. Akasema, akichanganya na Kifaransa chake, "Bon, papa, mi nitakutengenezea." Na kweli alitengeneza: mwanamke ana beseni, anatembea, anaugua, analala. Tukamwonyesha binti. Akatazama kidogo, akatikisa kichwa, akageuka. Akaweka mkono juu ya kichwa, halafu akapunga kidole: si yeye.

"Nilikosea wapi?" mwalimu akaniuliza, maana kuanzia hapo nitamwita mwalimu.

"Mama yake hatembei hivyo," nikasema. "Beseni analishika kwa mkono wa kushoto, wa kulia uko mgongoni. Na akitembea, anaburuta kidogo mguu mmoja."

Akanitazama. "Donc, basi, ni wewe utamufanya. Mi sikumuona huyo mwanamuke. Wewe ulimuona."

Mimi! Mikono hii imezoea nyundo. Kipanya cha kompyuta kilinikimbia mezani kama mjusi. Mwalimu alinianzisha na mpira, kama anavyowaanzisha wote: mpira uanguke, uruke. Akanieleza kwamba huchori kila kitu. Unaweka pozi la mwanzo, mpira uko juu. Unasogea mbele kwenye mstari wa wakati, ule mstari mrefu ulio chini kwenye kioo cha kompyuta, unaweka pozi la pili, mpira uko chini. Katikati programu inajaza yenyewe. Mpira wangu ulishuka taratibu kama jani. Mara nyingine ukapita sakafuni ukapotea. "Usawazishe pozi, papa. Ukileta karibu karibu, mpira unaenda mbio. Ukiachanisha, unaenda polepole."

Halafu matabaka. Beseni kwenye tabaka lake, mkono kwenye lake, mwili kwenye lake, vyote vimepangwa kama karatasi za plastiki moja juu ya nyingine. Nilikuwa naweka mkono nyuma ya kichwa badala ya juu. Nilikuwa nasogeza beseni, miguu inabaki. Mke wangu alitembea kama askari wa gwaride, akatembea kinyumenyume, siku moja akatembea bila kichwa, nikacheka peke yangu, nikaona aibu kwa kucheka. Kisha umeme ukakatika na sikuwa nimehifadhi kazi. Kila kitu kikapotea. Nilitoka nje nikakaa kwenye mawe, nikasema, Mungu, hata huyu wa kuchora unamchukua?

Mwalimu akanifuata. Hakunihubiria. Alisema tu, "Umeme umerudi."

Siku moja nilifungua kazi, nikabonyeza, na mke wangu akatembea. Mguu ule ukaburuta kidogo. Mkono wa kulia mgongoni. Ndugu zangu, siwezi kuwaeleza. Nilimtazama akitembea kutoka upande mmoja wa kioo mpaka mwingine, nikamrudisha, akatembea tena. Siku nyingi baada ya hapo sikufanya kitu kingine. Nilikuwa nakwenda Nengo kumtazama anatembea. Yale yaliyobaki sikuweza kuyagusa, maana kumlaza kitandani ni mimi, kumfumba macho ni mimi, kumfukia ni mimi, pozi baada ya pozi, kwa mkono wangu.

Nikafanya mwisho mwingine. Bariyeri inafunguka, anarudi nyumbani, mtoto anamrukia. Nikamwonyesha mwalimu, nikasema hii ni nzuri zaidi, mtoto atafurahi.

Mwalimu aliirudisha mwanzo, akaitazama tena. Kisha akasema, "Papa. Usimurudishe nyumbani. Mutoto ataenda kumungoja, na atamungoja mpaka azeeke."

Nilimkasirikia. Nilitoka nikafunga mlango kwa nguvu, mlango niliouchomelea mwenyewe. Lakini nilipofika ile kona ya barabara nikamkuta binti yangu amesimama pale na kitenge, anatazama kila mwanamke mwenye beseni, uso kwa uso, mmoja baada ya mwingine. Nikarudi Nengo. Nikafuta ule mwisho. Nikamlaza mke wangu, nikamfumba macho. Nikachora udongo. Na upande huu wa bariyeri nikachora mwanaume mwenye kiganja usoni, amepiga magoti, anashika chuma, hapiti.

Siku ya kumwonyesha, mwalimu alikuja nyumbani na kompyuta, na yule mama jirani akaja akakaa karibu na mtoto, maana kwangu asingekaa. Mama yake alipotokea tu kwenye kioo, binti alirusha mkono juu ya kichwa. Ndiye! Akamgusa kwa kidole. Bariyeri ikashuka. Mama akaugua. Watu wakamlia. Mama hakuamka. Udongo ukafunika. Binti akaomba irudiwe. Tukarudia. Akaomba tena. Mara hii hakumtazama mama, alimtazama yule mwanaume anayelia kwenye chuma. Akaweka kiganja mbele ya uso wake: baba? Nikaitikia kwa kichwa. Akamgusa mama kwenye kioo, akainamisha shavu kwenye mkono: amelala? Nikatikisa kichwa. Hajalala. Nikafumba macho yangu kwa vidole, sikufumbua.

Nilihisi mkono mdogo unanigusa kope, unajaribu kunifumbua. Nilipofumbua, alikuwa analia. Si kule kupiga kelele. Kulia kwa mtu aliyefiwa. Akapanda mapajani mwangu na kitenge chake, jirani akasema, "Yooo, disi," kama wasemavyo huku wakimwonea mtu huruma, akatuacha. Tulilia mpaka jioni. Msiba wa mke wangu ulianza siku hiyo, kwetu wawili.

Sitawadanganya kwamba kesho yake alikuwa mzima. Alirudi kwenye ile kona siku nyingine nyingi, ila sasa alinishika mkono twende pamoja, na giza likianza kuingia yeye ndiye aliyenivuta turudi. Alikula. Bariyeri ilipofunguliwa shemeji alitupeleka kaburini, na binti akatandaza vidole vyake juu ya udongo, akanitazama, kama mtu anayehakikisha neno. Nikaitikia. Akakaa.

Namshukuru yule mwalimu aliyeniambia neno gumu wakati mimi nilitaka neno tamu. Namshukuru jirani aliyenifungia mlango siku ile, maana alimlinda mwanangu dhidi yangu mwenyewe. Namshukuru askari nisiyemjua, wa kwenye maharage. Na nyinyi, kwa kunionyesha shule ya ishara. Binti yangu sasa ananifundisha, na ni mkali.

Funzo langu ni hili, na nimelipata kwa gharama. Mtoto asiyesikia anaona yote. Usipompa ukweli, atautengeneza wake, na utakuwa mbaya kuliko ule unaomficha. Tafuteni namna. Iwe mikono, iwe picha, iwe mashine ambayo hamjawahi kuigusa na umri umekwenda. Mwambieni. Atalia. Mkimwona analia, msikimbie kumnyamazisha kama tulivyolelewa sisi. Kaeni naye chini, mlie wote, maana ndipo atakapojua hajaachwa peke yake. Mimi nimemaliza, wapendwa wangu. Asanteni kwa kunisikiliza.