Karatasi ya Alama Ilikaa Chini Kabisa

Tarehe thelathini mwezi huu shangazi yangu anastaafu, baada ya miaka thelathini na miwili katika ofisi ya udahili ya shule hii ya biashara. Wenzake mnamwita Bi Faili. Mmeniomba mimi, mtoto wa kaka yake, niandike wasifu wake kwa sababu ule wa ofisi aliusoma mwenyewe akasema unafanana na tangazo la tenda. Shuleni nasoma kwa lugha mbili na zote mbili naona haya kuzizungumza, kwa hiyo nilikubali kwa sharti moja: nisisimame kuusoma.

Bi Faili alianza kama mpiga chapa, akapewa kazi ya kuandaa majalada ya waombaji wa shahada ya uzamili. Ndani kulikuwa na barua ya maombi, vyeti, barua za mapendekezo, na juu kabisa karatasi ya alama za mtihani wa kuingilia. Kamati iliangalia hiyo kwanza. Alama zikiwa chini ya mstari, basi, jalada linafungwa. Mwenyekiti wa wakati ule, aliyepachikwa jina la Bwana Desimali, alikuwa akimaliza majalada arobaini kabla ya chai.

Mwaka wake wa tisa, Bi Faili alifanya kosa. Alikuwa akisukuma kitoroli kwenye korido iliyotoka kupigwa deki, kikateleza, na karatasi za alama, ambazo alizibana kwa vibanio badala ya stepla, zikatawanyika sakafu nzima. Kamati ilikuwa imeshakaa. Akawapelekea majalada bila alama, waanze kusoma tu wakati yeye anazipanga.

Ilimchukua saa tatu. Aliporudi walikuwa wameshachagua, na wa kwanza kwenye orodha yao alikuwa muuguzi mkuu wa wodi ya wazazi, aliyeomba kusomea uongozi. Alama zake zilikuwa nne chini ya mstari.

"Mtoe," akasema Bwana Desimali.

"Mtoe wewe, mzee wangu. Mimi sijui nimwandikie sababu gani. Sasa hivi tu mlikuwa mnamsifia mpaka nawasikia koridoni."

Muuguzi akapokelewa kwa majaribio, na Bi Faili akaambiwa wazi kwamba mtu wake akifeli, yeye anahamia stoo. Baba anasema miaka ile miwili dada yake aliulizia matokeo ya muuguzi kuliko alivyoulizia hali ya ndugu zake. Muuguzi akamaliza wa kwanza darasani! Bwana Desimali mwenyewe alileta keki ofisini, akaigawa kwa rula.

Tangu hapo karatasi ya alama inakaa chini kabisa ya kila jalada, na imeandikwa kwenye kanuni. Msidhani anauchukia mtihani. Kuna fundi mitambo aliyetoka chuo ambacho hakuna aliyekijua, akatetewa na alama zake, na Bi Faili aliichomoa karatasi ile kwa mbwembwe zote. Alichotaka ni mtu asomwe kwanza, ndipo apimwe.

Nami nikiri. Mwaka jana nilifanya vibaya mtihani wa majaribio, nikaificha karatasi chini ya godoro. Shangazi aliiona alipokuja kututembelea. Hakugomba. Alinituma nilete madaftari yangu yote, akayasoma moja moja, na karatasi akaifikia mwishoni, chai ikiwa imepoa. "Kumbe ni hesabu za sehemu tu zinazokusumbua," akasema. "Kalamu iko wapi?"

Sharti langu limetimizwa. Huyu anayewasomea maneno haya sasa hivi, kwa sauti isiyotetemeka kama ambavyo yangu ingetetemeka, ndiye yule muuguzi. Siku hizi ni mhadhiri hapa, na kiti cha Bwana Desimali anakikalia yeye.

Shangazi, asante kwa kuteleza siku ile. Nenda kapumzike ukiwa na afya na furaha, na ukija kwetu, madaftari yangu yako mezani.