Mama Aliyetandika Kitambaa Juu ya Mlango: Maisha ya Tryphena Mkamburi

Wazee wa kanisa, wakwe, majirani wa Marungu, na nyinyi mliokuja na lori kutoka Voi na kuteremka kutoka milimani, tulieni kidogo. Huyu tunayemlaza leo ni Tryphena Mkamburi, mke wa Zephaniah Kituku. Kuna jambo moja la maisha yake ambalo kila mtu hapa analijua, na kila mtu amewahi kulisema, ila si mbele yake. Jamaa wengine wameomba lisisomwe kaburini. Litasomwa, kwa sababu mwenyewe aliagiza lisomwe.

Tryphena alizaliwa Werugha mwaka wa 1914, mwaka ule Wadachi, ndio Wajerumani, waliposhika Taveta na watu wa chini wakapanda milimani na mbuzi wao. Siku yenyewe haikuandikwa. Mama yake, Mghoi, alisema tu kwamba ukungu ulikuwa haujaondoka mlangoni. Alikuwa mtoto wa pili nyumbani kwao, na tangu utotoni hakujua kutupa kitu. Siku moja dada yake mkubwa, Milka, alivunja chungu cha maji akachapwa. Wakati Milka analia, Tryphena aliokota shingo ya kile chungu, akaiweka chini sakafuni na kuukalisha mtungi mwingine juu yake, ukatulia usibingirike tena. Mama yao akasahau fimbo mkononi, akauliza ni nani aliyeliwaza hilo. Ile shingo ilikaa jikoni hata mama alipokufa.

Aliingia shule ya misheni mwaka wa 1923, akabatizwa Pasaka ya 1926. Alijifunza kusoma kitabu cha sala kwa Kiswahili, na kushona. Kizungu hakukifikia, maana Kizungu kilikuwa darasa la wavulana, na mwaka uleule aliobatizwa alirudishwa nyumbani kwa ng'ombe na mboga. Hilo lishikeni, mtalihitaji mbele.

Tarehe 18 Agosti 1934 aliolewa na Zephaniah, kijana wa huku Marungu aliyekuwa kibarua wa njia ya reli pale Voi. Mtamba wa mahari alifika mnono, hakuna aliyenung'unika. Lakini Tryphena alipoteremka Voi na kufunguliwa mlango wa landhi, zile nyumba za vibarua wa reli, alikuta chumba kimoja, kitanda cha kamba, sufuria moja na msumari ukutani. Msumari ndio ulikuwa kabati. Nguo zote za Zephaniah zilining'inia pale, na kofia juu yake, na taa juu ya kofia. Aliukalia ule mwisho wa kitanda, kanga yake ikiwa bado mabegani, akaona aibu, maana nyuma yake walikuwa wamesimama shangazi waliomsindikiza na vikapu vya mboga, nao hawakuwa na mahali pa kuviweka.

Kazi yake, basi, ikawa nyumba. Aliuza kabichi na viazi vya Werugha karibu na stesheni, na pesa zilizobaki alizipeleka mnadani. Mzungu wa shamba la mkonge akihama, Tryphena yupo. Mhindi akifunga duka, yupo. Hakununua kizuri, alinunua kilichoachwa na wengine. Masanduku ya sabuni aliyapanga moja juu ya jingine, akayapigilia misumari, yakawa rafu ya vyombo. Madebe ya mafuta ya taa aliyachemsha na majivu, akayakata mdomo na kuukunja usikate mikono, moja likawa la unga, moja la maharagwe, na la tatu la nguo za mtoto. Magunia aliyafumua na kuyashona pazia, upande mmoja walale, upande mwingine wageni wakae. Kiti cha miguu mitatu alikiegemeza kwenye kona, kona ikawa mguu wa nne, na hakuna mgeni aliyejua mpaka alipotaka kukisogeza.

Wanawake wa landhi walikuja kuangalia. Aliwaambia usinunue kitu kabla hujajua kitalala wapi. Aliwaambia kitu cha watu hakiingii ndani siku ileile; kwanza majivu, kisha maji yanayochemka, kisha jua, na kama bado kinanuka kwao, kirudishe jua. Jirani yake Susan alizoea kumchokoza, akisema, "Mama Loise, wewe ukifa tutakupeleka mnadani pamoja na viti vyako." Naye humjibu kwamba hakuna atakayemnunua, kwa sababu yeye ndiye mnunuzi pekee. Walicheka wote. Ilikuwa nyumba ya kuchekwa kwa wema, na Tryphena alijivuna nayo.

Mwaka wa 1947 behewa kuukuu lilivunjwa pale Voi na mbao zake zikauzwa kwa watu wa landhi. Zephaniah akaja amebeba mlango kichwani. Ulikuwa mwembamba, wa mbao nzito nyekundu, na upande mmoja ulikuwa na shaba ya mviringo. Ukiizungusha ile shaba, katika kidirisha kidogo maandishi yanabadilika, mara meupe, mara mekundu. Tryphena aliuliza ni mlango wa nini. Zephaniah akasema ni wa behewa. Hakusema uongo. Tryphena akaulaza juu ya masanduku manne, akausugua mpaka ukang'aa, na jioni hiyohiyo akatandika kitambaa alichokitarizi mwenyewe. Kwa mara ya kwanza nyumba ile ikawa na meza. Watoto walijifunzia hesabu pale, na wakimaliza waliruhusiwa kuinua kitambaa na kuizungusha shaba, mmoja mmoja.

Binti yao Loise alisoma kuliko mama yake, akafika mahali Kizungu kinaanza. Siku moja aliinua kitambaa akasoma maandishi mekundu: ENGAGED. Alilijua neno hilo, lilikuwa katika kitabu chao cha shule, katika hadithi ya msichana na pete. Akamwambia mama yake maana yake ni kwamba msichana ameposwa. Yale meupe hakuyajua. Tryphena alifurahi sana. Aliona kwamba Wazungu nao wana adabu zao, msichana akiposwa wanaandika hata kwenye milango, ili wanaume wengine wasibishe. Akaiacha shaba kwenye maandishi meupe, akasema siku ya Loise ikifika ataigeuza.

Siku ya Loise ilifika Jumamosi, tarehe 9 Oktoba 1954. Wakwe walikuja kutoka Wundanyi kumsemea kijana wao, Hudson, mwalimu. Mkubwa wao alikuwa mzee Obadiah, baba mdogo wa Hudson, aliyekuwa gadi wa treni miaka mingi kabla ya kustaafu. Tryphena alikuwa amepika kimanga cha maharagwe na muhogo, na kuku, na wali, na vyote vilikuwa juu ya meza. Maneno ya mahari yalipoisha vizuri walikula, na wengine wakiwa bado wana matonge mkononi aliingia na maji ya kunawa baada ya chakula, akapiga goti, akakunja ncha ya kitambaa. Zephaniah alianza kukohoa. Alikohoa sana. Tryphena alidhani ni mfupa wa kuku.

Akaizungusha shaba, maandishi mekundu yakatokea. "Baba," akamwambia mzee Obadiah, "someni wenyewe. Leo hata meza yetu inasema binti ameposwa."

Mzee aliinama akasoma. Aliirudisha shaba, akaizungusha tena. Kisha akaisukuma sahani yake kwa kidole kimoja.

"Mama," alisema, "hapa hapasemi msichana ameposwa. Huu ni mlango wa choo cha daraja la pili. Unasema ndani pana mtu."

Vijana waliokaa karibu na pazia walicheka. Mzee mmoja alitoka nje na kinywa kimejaa. Wengine walibaki wameshika matonge, wasijue wayale au wayarudishe. Kwetu mkwe halishwi ovyo, na siku ya maneno ya mahari ndiyo siku asiyopaswa hata kuona kikombe chenye ufa. Tryphena alikuwa bado amepiga goti na jagi la maji mkononi, na hakuna aliyenyoosha mikono anawishwe. Alibaki hivyo mpaka walipoanza kutafuta kofia zao.

Walipoondoka, hakupiga kelele. Aliosha vyombo. Kisha akamwuliza mumewe kama alijua.

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu nilipoubeba. Nilitaka kukuambia. Nikatazama, ulikuwa umeshatandika kitambaa."

Wakwe walidai mbuzi wa kuwaosha kinywa, akatolewa. Loise na Hudson walifunga ndoa tarehe 16 Aprili 1955, na ni ndoa njema, hilo lisichanganywe na hili. Lakini tangu siku ile hakuna mtu wa upande ule aliyekula kwa Tryphena. Hudson mwenyewe alikuwa akiwaleta watoto, akasimama nje karibu na uzio, kofia mkononi, kwa heshima yote. Akiitwa ndani anasema, "Nimeshiba, mama." Asubuhi ameshiba. Mchana, ametoka Wundanyi kwa basi akamalizia kwa miguu, vumbi mpaka magotini, ameshiba. Kila mara Tryphena alimpikia, na kila mara aliwapa majirani.

Alikwisha, huyo mwanamke. Hakwenda mnadani tena. Wale wanawake waliokuja kuangalia rafu zake sasa walimwuliza, viganja midomoni, kama vikombe navyo vimetoka choo kipi. Susan peke yake hakumchokoza tena, na hilo lilimwuma kuliko uchokozi. Aliugeuza mlango, shaba ikaangalia chini, na yeye akala jikoni, amekaa kwenye debe. Akisikia treni inapuliza honi pale stesheni aliinamisha uso, kana kwamba abiria wote wanajua.

Zephaniah alistaafu mwaka wa 1956, wakahamia hapa Marungu. Siku ya kupakia lori alisema mlango ubaki, au ukatwe kuni. Tryphena alisimama mbele yake. Alisema mlango haukumkosea mtu, ulipewa mahali ukafanya kazi yake, miguu ya masanduku ndiyo iliyochoka lakini mlango haukupinda. Ukapakiwa. Hata hivyo hapa napo aliuegemeza ukutani nyuma ya pazia, na hakuna mgeni wa Marungu aliyeonyeshwa.

Mwezi wa Juni 1957 miguu yake ilianza kuvimba, pumzi ikawa fupi. Alilazwa hospitali ya Wesu mara mbili, akatibiwa akarudi, na baada ya Krismasi hakutoka tena nyumbani. Alipanga mambo yake akiwa kitandani, kwa kidole: kile kiende kwa Loise, lile debe kwa Donald, ile taa ipelekwe kwa Susan, ajue. Mwisho akauliza, yeye akifa watu watakula juu ya nini. Zephaniah akasema kwenye masinia, kama watu wote.

"La," alisema. "Toeni mlango nje. Msitandike kitambaa, na kaburini msome ulikotoka."

"Tutaaibika, Mama Loise."

"Mimi nimeaibika peke yangu tangu siku ile. Nisaidieni siku moja."

Zephaniah alitoka nje akakaa kwenye jiwe, na aliporudi alisema sawa.

Tryphena Mkamburi alifariki Jumanne, tarehe 11 Machi 1958, kulipopambazuka, hapa nyumbani Marungu, mkono wake mkononi mwa Loise. Tunamzika leo Alhamisi, tarehe 13.

Sasa jueni kilichoko pale bandani. Ni ule mlango. Umesuguliwa kwa majivu na maji yanayochemka, ukapigwa jua siku mbili, jinsi alivyofundisha. Umekaa juu ya masanduku yaleyale, na hauna kitambaa. Aliyeubeba kichwani kutoka ndani kuupeleka bandani ni Hudson. Hakuna aliyemtuma, alikuja uzioni asubuhi, akavua kofia, na safari hii hakusimama pale. Mzee Obadiah naye yupo, amekaa mstari wa mbele, ameinamisha uso, na hatutamwambia auinue, huo ni uso wake. Shaba iko juu. Zephaniah ameizungusha kwa mkono wake mwenyewe mpaka maandishi mekundu yametokea. Kwa Kizungu cha treni yanasema ndani pana mtu. Ni kweli. Nyumba ile haijawahi kuwa tupu, ni sisi tuliokataa kubisha.

Marehemu amemwacha mume, Zephaniah Kituku, watoto watatu, Onesmus wa Mombasa, Loise mke wa mwalimu Hudson, na Donald aliye shuleni, wajukuu wawili, na dada yake mkubwa, Milka, aliyeandika haya kwa mkono wake, polepole.

Baada ya udongo, tutaelekea bandani. Wakwe wa Wundanyi ndio watakaonawishwa kwanza, na atakayewanawisha ni Milka, amepiga goti. Ni kimanga. Mwenye kushiba aje ashibie pale.

Nawe, Tryphena, pumzika. Jagi tumelipokea.