Miaka Ishirini na Moja Mlangoni pa Kilua

Jumamosi, tarehe 30 Juni 2007, Bi Kazija Usi anastaafu baada ya kuutumikia Mkahawa wa Kilua, hapa Shangani, kwa miaka ishirini na moja. Alianza mwaka 1986, akiandika majina ya wateja mlangoni na kuwapangia meza. Kazi hiyo ndiyo aliyoifanya muda wote, ukitoa miaka mitatu ambayo baadhi yetu wangependa isitajwe. Mimi nitaitaja.

Hakuna aliyejua kama yeye mtu anaweza kungojea meza muda gani. Alikuwa akisema mtalii huvumilia dakika ishirini, kisha hutazama saa yake akaenda zake. Mtu wa mjini hufika nusu saa, akitaniwa na kupewa maji ya ndimu. Anayengoja kuliko wote ni mtu wa shamba, kwa sababu keshavaa, keshaaga majirani, na kurudi na njaa ni aibu.

Bwana Talal, aliyekuwa meneja wetu, aliigeuza elimu hiyo kuwa dhulma. Watalii walipoanza kujaa, aliamuru meza za dirishani ziwekewe vibao kuwa zina wenyewe, hata kama hazina, zimsubiri mgeni yeyote atakayetokea. Wenyeji waambiwe wangoje kidogo. Kidogo hiyo haikuwa na mwisho.

Agosti 1998 alikuja Mwalimu Jaku Borafya kutoka Makunduchi, na mkewe na binti yao Saadiya, aliyekuwa amefaulu ukunga wiki ile. Waliketi kwenye benchi la mlangoni saa saba mchana. Saa tisa kasorobo walikuwa bado wapo pale, na makundi mawili ya watalii waliokuja nyuma yao yalikuwa yanamalizia matunda. Meza nne zilikuwa tupu. Saadiya alikuwa ameinamisha kichwa, akikunja na kukunjua ncha ya mtandio wake.

Bi Kazija alikwenda dirishani, akaondoa kibao, akarudi kwao.

"Mwalimu, meza ipo tokea mlipofika," alisema. "Nimekudanganyeni. Naomba radhi."

Mzee alimjibu kwa upole kuwa viti vitupu aliviona tangu alipoingia. Alichokuwa akingojea ni mtu wa kusema kweli. Wakaketi, wakala.

Kesho yake Bi Kazija alihamishiwa uani kufua vitambaa vya meza. Mwanamke aliyejua majina ya nusu ya mji alifua vitambaa miaka mitatu, kwa kosa la kuwakalisha watu kwenye viti. Mimi nilikuwa jikoni. Niliyaona yote, nikaendelea kukoroga mchuzi. Wenzangu nao hivyo hivyo. Bwana Talal hakuwa na haja ya kututisha, tulijinyamazia wenyewe.

Mwishoni mwa 2001 watalii walipungua na mkahawa ukawa mtupu. Mwenye mkahawa, Bwana Thuwaini, alituita akauliza kwa nini hata watu wa mji hawaji. Bi Kazija, mikono yake bado ina povu, alimwambia kuwa watu wa mji walingojeshwa mpaka wakachoka, na aliyechoshwa harudi kwa kuitwa. Alipoombwa arudi mlangoni, alitoa sharti moja: atangulie kukaa aliyetangulia kufika. Bwana Talal aliondoka mwezi uleule. Wenyeji walirejea mmoja mmoja, na ilichukua zaidi ya mwaka.

Sasa nimeoneshwa cheti atakachokabidhiwa. Kimeandikwa kuwa anatunukiwa kwa subira yake. Nimekirudisha neno hilo lifutwe. Subira ni ile tuliyowalazimisha wengine kwenye benchi la mlangoni. Yeye ndiye aliyeikataa.

Bi Kazija, mimi Abrahman, mpishi, pamoja na wote tuliokuwa jikoni siku ile, tunakuomba radhi ambayo imechelewa miaka tisa. Ahsante kwa kutufundisha kazi yetu. Mungu akupe afya, akujaalie mapumziko ya raha huko kwako Ng'ambo, na asikutokee mtu wa kukwambia ungoje kidogo.