Kuni ya Kilio ya Yaya Yangu

Bandugu, mbele ya kuanza: ile muzigo ya kuni munaona pale ku mulango ya kanisa ni yangu. Nimeibeba miye mwenyewe toka soko. Mama moja ameniuliza kama siku hizi batu banatoa kuni mu sadaka. Nimemuambia angoje, nitafika pale.

Majina ya batu sitataja. Nitataja mbili tu, na zile hapana fichua mutu, juu ni zetu sisi bote. Munajua, kwetu mwanaume wa kwanza wa mama ni Paluku, wa pili ni Kambale, na tunaendelea vile. Nikiita Paluku humu ndani, nusu ya banaume batageuza kichwa. Miye niko Kambale. Mukamate hiyo vizuri, wa pili, juu haya yangu yote inatoka pale.

Ilikuwa wakati ya vita, ile ya pili, wakati njia ya Butembo na Beni ilijaa barrière za baaskari, na kila barrière ilikuwa na mukubwa yake. Nilikimbia na bibi yangu na mutoto yetu, tukafika Mulekera, pale Beni, tukapata chumba moja. Sikuwa na kitu, mais mikono yangu ilijua machine. Ile machine ya kukoboa kahawa, unifunge macho, nitaifungua na kuirudisha. Nilijifunza mu garage ya baba mudogo, kwa mafuta na kwa makofi. Karatasi tu njo hapakuwa. Masomo iliniacha ku mwaka wa tatu.

Yaya yangu, ndugu yangu mukubwa, ule wa kwanza, njo alimaliza, njo alipata diplôme ya mécanique. Na yeye hapana penda machine hata kidogo. Alipanda milima ya Kipese kulima viazi na poireaux. Diplôme yake aliachia mama yetu kule Vuhovi, mu malle, ile sanduku yake ya chuma, chini ya bikwembe bya kuvaa, vita isiipate.

Sasa, mu Beni kulikuwa mama moja muchuuzi wa kahawa. Nitamuita Mama Patron, inatosha. Alikuwa natafuta fundi mwenye diplôme. Nilienda Vuhovi kusalimia mama, na wakati alitoka kuteka maji nikafungua malle. Sikuomba mutu. Ile karatasi iliandikwa Paluku, jina ya baba ni moja, picha hapakuwa. Nilijiambia naazima tu, vita ikiisha nitairudisha.

Donc kwa Mama Patron nilikuwa Paluku toka siku ya kwanza. Ku kazi bote baliniita Fundi, ile jina ingine ikalala mu tiroir ya meza ya bureau. Mwaka moja na nusu. Kazi nilifanya muzuri, hiyo sitaificha kwa kujifanya munyenyekevu.

Vita ikaongezeka. Mama Patron akaamua kuhamisha machine ng'ambo ya mupaka, upande ya Kasese, na bafundi bane bafuate machine. Akatuombea visa ya kazi. Aliomba kwa muhuri ya maison yake ya biashara na sahihi yake, maana yake yeye njo alijibu juu yetu. Ku bureau ya visa baliomba pia karatasi ya familia. Nikatoa carte ya batizo ya mutoto yangu, bila kufikiri. Bandugu, mwongo anakumbuka mulango ya mbele na kusahau dirisha. Ku ile carte padri aliandika baba ya mutoto: Kambale.

Refus ikafika. Karatasi ya nusu ukurasa: majina hapana lingana, visa inakataliwa, na dossier ya benzangu batatu inasimama mupaka yangu ieleweke. Benzangu bale balikuwa na bibi na batoto kama miye. Mama Patron alisoma ile barua mu dépôt ya kahawa, mbele yetu bote.

"Hii ni kosa ya bureau," akasema. "Tutaomba baangalie tena. Nitaenda miye mwenyewe. Mutu yangu hapana mwongo."

Pale nilipashwa kusema. Nilikuwa na clé ya dix-sept, ya kufungulia machine, mu mukono, nikaiangalia ile clé kama ndiyo iliulizwa. Akaandika recours, ile barua ya kuomba baangalie tena, ya kurasa mbili, akanisifu ndani, akanisomea. Nikamuambia asante.

Tukapita Kasindi, ku mupaka, tukafika ku ule bureau. Aliyeketi pale alikuwa Mukonzo, mutu wa ng'ambo ya mulima, luga yake na yetu ni ndugu, na batoto banabahesabu sawa na sisi. Alisoma recours pole pole. Akaangalia carte ya batizo. Kisha akaacha karatasi, akaniuliza mu kinyumbani, kama mutu anasalimia tu:

"Kwa mama yako uko wa ngapi?"

"Wa pili." Kinywa yangu ilijibu mbele ya kichwa. Nani kati yetu anaweza kukosa ile jibu?

"Wa pili," akasema, "na unaitwa Paluku?"

Mama Patron akanigeukia. Hakuwa na wasiwasi, alikuwa nangoja tu nieleze. Na miye nikasema: "Yaya yangu alikufa mu vita. Jina yake ikakuja kwangu."

Munacheka. Mucheke, niko napashwa kuchekwa. Mutoto yeyote wa Vuhovi anajua ile namba hapana hama. Wa kwanza akikufa hata siku ya kuzaliwa, wa pili anabaki Kambale mupaka ku kaburi. Ule bwana alijua sawa na ninyi. Hakubishana. Akaandika, akasema: "Pole kwa musiba. Mulete attestation ya kifo ya Paluku. Niko nabapatia juma mbili."

Tukarudi. Mama Patron alilia mu gari, alilia mutu hakumujua. "Mwanangu," akasema, "mwaka moja na nusu unafanya kazi kwangu, na hukuniambia uko na kilio? Tutaenda kwa mama yako."

"Mama, ni zamani. Kilio iliisha."

"Kwangu hapana isha. Sikufika."

Nikamuambia njia ni mubaya. Akasema njia anaijua kunipita. Basi nikaanza kupanga. Yaya iko Kipese, mbali. Nitaingia mu lupango ya nyumba yetu mbele ya bengine, nitavuta mama pembeni, nitamuomba alie kidogo. Munasikia ile nilikuwa napanga? Nilitaka mama yangu mwenyewe alie mutoto yake muzima juu niende Kasese. Na nilijiona fundi wa akili.

Siku ile Mama Patron alikuja na banamama sita ba kanisa yake, kila moja na kuni ku kichwa, vile tunaendaka ku kilio. Miye nikapewa gunia ya maharagi. Toka barabara mupaka kwetu ni mupando ya kilima, na mvua ilikuwa imenyesha. Nilitaka kutangulia, gunia ikakatala. Bale banamama bakanipita mu mupando, bakaimba pole pole, nikabaki nyuma kabisa.

Mama yetu alikuwa ameketi mu lupango nachambua majani ya sombe. Akaona banamama hapana bajua, na kuni. Akaona mbele yao mama munene mwenye kufunga kichwa na foulard ya rangi ya machungwa, na ule alimujua kwa maneno yangu, juu kila nikifika nilimusimulia patron yangu. Sasa, bamama muko hapa, muniambie. Patron ya mutoto yako akikuja na kuni, na mutoto haiko naye, utafikiri nini?

Akasimama, mikono ku kichwa. "Kambale wangu," akasema. "Bamemuua Kambale wangu." Na akaanguka mu matope.

Mama Patron akakimbia kumushika. "Hapana, mama, hapana Kambale. Tumekuja kulilia Paluku."

Na pale, nyuma ya nyumba, yaya akatokea na shoka mu mukono. Alishuka Kipese siku ya mbele, aliletea mama viazi. Akaangalia kuni, akaangalia mama chini.

"Paluku ni miye," akasema. "Nani alisema nimekufa?"

Njo miye nikaingia mu lupango na gunia ku kichwa.

Mama akaniona toka kule chini. Akaniangalia miye, akamuangalia yaya, akarudi kwangu, kama anahesabu batoto bake. Nikatua gunia. Nikapiga magoti. Nikasema, "Miye. Miye njo nilisema."

Nikatoa yote palepale, mbele ya bale banamama: malle, diplôme, carte ya batizo, bureau. Mama Patron aliketi juu ya kuni alileta, akashika foulard yake mu mikono. Bandugu, nabaambia kweli, mu ile vita nilipigwa ku barrière, nilivuliwa viatu na shati mbele ya batu, nikatembea hivyo. Ile haikuwa haya. Haya niliijua siku ile Vuhovi, juu hakuna mutu alinifanyia, nilijifanyia.

Mama yetu alionyesha yaya, akasema neno moja tu. "Huyu nilishakumulia mara moja." Na ni kweli, na niliijua. Mwanzo ya vita njia ya Lubero, ile ya kwenda Kipese, ilifungwa, myezi ine hakuna habari ya yaya, mama alinyoa kichwa. Halafu yaya akarudi na miguu yake. Na miye nikaenda kumuzika tena ku bureau.

Yaya, unisamehe, niko nafika kwako. Munajua alifanya nini? Aliweka shoka chini, akaanza kupokea kuni ku vichwa vya banamama. "Mutue. Mutashinda munasimama hivyo?" Akawasha moto. "Maharagi ya kilio hapana rudi nyuma," akasema, "tutakula." Na alikula ku kilio yake sahani mbili. Banamama bakaanza kucheka kidogo kidogo. Mama Patron hakucheka, na miye sikugusa sahani yangu.

Kisha yaya akakuja kuketi karibu yangu.

"Kwa nini hukuniomba ile diplôme?"

"Niliogopa utakatala."

"Ningekatala," akasema. "Na tungetafuta njia ingine, sisi wawili."

Nililia pale. Si mbele, ni pale.

Juma mbili haikuwa imeisha. Yaya akaacha viazi yake, akapanda barabara ile na barrière zake zote, akaenda nasi mupaka ku bureau. Akasimama mbele ya ule bwana, akavua kofia. "Muliomba karatasi ya kifo yangu," akasema. "Nimekosa mwenye kunipatia, nimekuja mwenyewe."

Ule bwana alicheka mupaka akavua miwani. Kisha akaivaa, akanisukumia kalamu. Nikaandika kwa mukono yangu: diplôme si yangu, Mama Patron hakujua, benzangu hakuna kosa. Nikasaini Kambale.

Recours yangu ilikataliwa. Nisibadanganye tena leo: balikatala, na balikuwa na haki. Mais ku ile dossier baliandika kama Mama Patron alidanganywa, jina yake ikabaki safi, na benzangu batatu bakapata visa. Miye njo nilibeba mizigo yao mupaka ku gari. Moja hakunipa mukono. Sikumuomba.

Mama Patron alikaa siku nyingi bila kunisemesha. Halafu akaniita. "Kumebaki machine moja Beni, mubovu," akasema. "Utaitengeneza kwa jina yako. Na usiniite mama kwanza." Nikaitengeneza. Yaya naye, mwenye kuchukia machine, akawa anashuka kila juma kunifundisha ile ya ku karatasi, dessin na hesabu, mupaka nikapita mutihani ya ufundi. Mama Patron akaomba visa mara ingine, kwa Kambale. Ule bwana wa ng'ambo akaangalia, akaniuliza ile ile: "Uko wa ngapi?" Nikasema wa pili. Akapiga muhuri.

Nashukuru Mama Patron, ameshanirudishia ruhusa ya kumuita mama. Nashukuru ule bwana, aliweza kunifunga na akanipa kalamu. Nashukuru mama yetu, ambaye mupaka leo akiona kuni ku kichwa ya mutu anatafuta kwanza miye niko wapi. Ile haijapona, na mwenye kuiharibu ni miye. Wasingya, asante, mama.

Somo yangu ni fupi. Kama bamekukatalia, mbele ya kuomba baangalie tena karatasi, angalia wewe kwanza ile uliandika.

Sasa, ile kuni. Siku ile Vuhovi, tukiachana, yaya aliniambia: "Siku nitakufa kweli, kuni utaleta wewe peke yako, na iwe mingi." Yeye alitania, miye niliikamata. Nimefikiri sana, na nimeona sitaki kungoja. Banamama bako na maharagi nyuma ya kanisa, nimepatana nabo.

Yaya, uko pale ku banc ya tatu, unaangalia chini kama kawaida yako. Paluku, wa kwanza wa mama yangu, simama batu bakuone. Kuni yako nimeileta ungali muzima. Kuja tuwashe.