Mzee Leodgar na Onyesho Alilolicheza Bila Kujua

Tarehe 30 Juni 2008 Mzee Leodgar Bonifasi anastaafu, baada ya kulitumikia jarida letu la Ufukwe kwa miaka ishirini na miwili. Wengi mnamjua kama yule mzee mrefu anayekatiza mtaa mzima wa Mwanga na kigoda chake kwapani. Mimi Agnesi, mchapaji wake, namjua kwa mwandiko, na kwa mateso hayo nilistahili kustaafu kabla yake.

Alianza mwaka 1986 akiandika bei za migebuka, samaki wa ziwa letu, na matokeo ya mpira. Mwaka 1995 vijana wa Ujiji walianzisha Tamasha la Vichochoroni, la michezo midogo ya majaribio inayochezwa popote pale isipokuwa jukwaani. Mhariri alipouliza nani ataihakiki, sote tuliinamisha vichwa. Mzee Leodgar alikuwa akifuta miwani, akachelewa kuinama, na kazi ikawa yake.

Hakusomea sanaa. Kanuni yake ilikuwa moja tu, kwamba mchezaji ana haki ya kutazamwa mpaka mwisho. Kule Gungu aliwahi kumkanyaga kidole mchezaji mkuu aliyejificha chini ya dawati, na ukelele ule ukapigiwa makofi hata ukabakizwa kwenye mchezo. Kule Mwamgongo walicheza ndani ya mtumbwi, watazamaji wakiwa ufukweni, upepo ukawachukua wachezaji wote. Yeye alikodi mtumbwi mwingine akawafuata. Mpaka leo ndiye mtazamaji pekee anayejua ule mchezo uliishaje.

Lakini siwezi kumuaga bila kusimulia habari ya mwaka 1999, na yeye mwenyewe ameniruhusu.

Miaka hiyo mkoa wetu ulikuwa umejaa wakimbizi, na aliyeko kambini hakutoka bila kibali. Siwema, mama aliyevuka ziwa kutoka Kongo, alikuwa na kikundi cha watu sita. Kibali chao cha kuja mjini kilitegemea barua ya mwaliko wa kamati ya tamasha, na kamati ilialika kwa kusoma uhakiki wa Mzee Leodgar. Kwa kikundi kile, zile siku tatu za tamasha ndizo zilikuwa siku pekee za mwaka kuwa nje ya kambi.

Onyesho lao lilikuwa kwenye uwanja wa shule, Ujiji. Mlangoni palikuwa na meza na karani mkali. Mzee akaulizwa jina, kijiji alichozaliwa, watu wangapi nyumbani kwake, kisha akaambiwa arudi nyuma ya foleni. Alirudishwa mara tatu, juani. Saa nzima ikapita. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya kazi, alikasirika, akafoka, akaenda zake nyumbani. Aliandika kwamba onyesho halikuanza, na kwamba utaratibu wa mlangoni ulikuwa aibu tupu. Nami nikachapa, tena kwa raha, maana siku hiyo mwandiko ulisomeka.

Jarida lilipotoka, Mwanvua, muuza dagaa wa kukaanga pale uwanjani, alimpa Mzee mkono wa pongezi. Alimsifu kwa jinsi alivyoigiza hasira, akasema hata akina mama wa kambini waliokuwa foleni kwa kibali cha siku hiyo walicheka mpaka wakatoa machozi, kwani ndivyo wanavyofanyiwa kila siku ya mgao wa chakula. Ile foleni ndiyo ilikuwa onyesho.

Mzee aliona aibu, na hakuificha. Kamati ilikuwa imeshakifuta kikundi cha Siwema kwenye orodha. Alimlazimisha mhariri kuweka masahihisho ukurasa wa kwanza, nami nayakumbuka neno kwa neno: "Onyesho lilianza kabla sijafika, na niliondoka kabla halijaisha. Nilidhani niko mlangoni, kumbe nilikuwa mchezoni. Kosa ni langu." Kisha akaenda nyumba kwa nyumba kwa wajumbe wote saba, akamsomea kila mmoja kwa sauti. Mjumbe mmoja alijifungia ndani. Mzee akasomea dirishani. Baada ya wiki tatu barua iliandikwa, na akaipeleka kambini mwenyewe, akamwomba Siwema msamaha mbele ya wenzake.

Mwaka uliofuata walikuja. Mzee Leodgar alisimama foleni wa kwanza, akarudishwa nyuma mara nne, akarudi ofisini amebabuka na jua na amefurahi kama bwana harusi. Walikuja kila mwaka tangu hapo, hadi 2006 waliporejea kwao.

Mzee, sisi tuliofanya kazi nawe tunakushukuru. Tumewaona wengi wanaojua kukosoa, lakini anayejua kujikosoa tumemwona mmoja. Kwa sherehe hii tumepata barua kutoka mji wa Baraka, ng'ambo ya ziwa. Siwema ameandika: "Mumwambie Mzee tulishapata nyumba ya kuchezea. Ku mulango hatukuweka mutu."

Tumesikia unavuka mwezi ujao kwenda kuwatazama. Mungu akupe afya, ziwa litulie, na miaka yako ya kupumzika iwe mingi na mitamu. Na ukifika pale mlangoni, Mzee wetu, usisimame. Ingia tu.