Jicho la Ifrah

Keynan ni dalali wa ngamia mjini Garissa. Mnyama mwenye kasoro ya jicho humjua kabla hajashuka kwenye lori. Kwa nini basi aliuona weupe ndani ya jicho la bintiye Ifrah, akangoja miezi minane? Hilo hata yeye hajawahi kulielewa. Jumapili ile alikaa kwenye benchi la karibu na soko la mifugo, mkononi ana fomu ya hospitali: mtoto ana uvimbe wa saratani, jicho litolewe, baba aweke sahihi. Alikuwa na Kadar, aitwaye Daktari kwa kuwa aliwahi kuuza dawa za minyoo, na Abdihafid, ambaye wote humwita Redio.

— Ni vumbi hilo, warya, alisema Daktari. Mbuzi wangu kule Kotile macho yalikuwa meupe kama maziwa. Mvua ikanyesha, yakasafika.

— Hata mimi nilingoja mvua, alisema Keynan.

— Ulingoja manyunyu! Ngoja mvua yenyewe.

— Mvua gani? alidakia Redio. Ni simu. Watoto wa siku hizi wanakodolea simu mpaka jicho linaiva.

— Ana miaka miwili, Redio. Na nyumbani tuna simu ya tochi tu, mulika mwizi.

— Basi tochi yake ndiyo iliyomchoma!

Wakacheka. Keynan naye akacheka kidogo, kisha akaona haya.

— Wakilitoa, watamwekea nini? aliuliza.

— Kuna mzee wa Elwak aliwekewa la ng'ombe, wallahi, alisema Redio. Sasa akiwa kwake anaona majani yakiota Wajir.

— Redio, mwogope Mungu! alisema Keynan.

Hapo akafika Timiro, mke wa Keynan, Ifrah mgongoni. Hakuketi.

— Hilo jicho mnalolitetea, linaona nini?

Keynan akamfunika mtoto jicho lililo zima kwa kiganja, kama anavyowafanyia ngamia kila siku ya soko, akapunga vidole mbele ya lile jeupe. Halikupepesa.

— Aabo? Ifrah aliita, akipapasa hewani, na baba yake yuko mbele yake.

— Miezi minane, alisema Timiro, hukumpima hata mara moja.

Daktari akampa Keynan kalamu.

Sahihi ikawekwa pale pale, juu ya goti. Timiro akasema aliyengoja ndiye atakayemshika mtoto hospitalini. Jumanne daktari wa upasuaji alilitoa jicho, bila kuahidi kwamba uvimbe haukuwa umeshapita kuelekea kichwani. Na kabla ya kisu, Keynan ndiye aliyemshika Ifrah kwa mikono yote miwili, lile jicho zima likimtazama, mpaka dawa ya usingizi ikalifumba.